Mwenye VVU Anapomshika Mkono Mwenye VVU: Ni Tiba au Ni Faraja Tu?

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha ghafla misaada yake ya nje, na kliniki nyingi za VVU zilizotegemea fedha hizo zikalazimika kupunguza watu. Habari zilizungumzia zaidi madaktari, wauguzi na dawa. Kundi jingine lilitajwa kwa nadra: watu wanaoishi na VVU ambao kazi yao ilikuwa kuwasaidia wenzao. Walikuwa wakipiga simu, wakitembelea majumbani, wakikaa na mtu kwenye benchi la kliniki siku anapopokea majibu. Wapo waliouliza kama hiyo kweli ni kazi ya kulipiwa. Dawa zipo, daktari yupo, sasa huyu wa kuongea tu ni wa nini?

Swali hilo lina kejeli ndani yake, ila linastahili kujibiwa vizuri, kwa sababu limebeba dhana ambayo hata baadhi ya wenye VVU wanayo: kwamba tiba ni kidonge, na yote mengine ni faraja. Siikubali dhana hiyo. Lakini kabla ya kubishana nayo, tuyaweke sawa maneno machache ambayo watu huyachanganya.

VVU ni virusi vinavyoshambulia chembe za damu zinazoulinda mwili, hasa zile ziitwazo CD4. UKIMWI ni hatua anayofikia mtu pale kinga yake inapoporomoka: CD4 zikishuka chini ya 200 katika milimita moja ya ujazo ya damu, au yakijitokeza magonjwa nyemelezi makubwa, yaani yale yanayomvamia mtu ambaye kinga yake imedhoofika. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na VVU kwa miaka mingi bila kuwa na UKIMWI, na akiwahi dawa na kuzimeza ipasavyo anaweza asiufikie kabisa. Dawa zenyewe ni ARV, dawa za kufubaza virusi. Zinavizuia visizaliane. Tangu 2015 Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri kila anayekutwa na VVU aanze dawa bila kusubiri CD4 zishuke, na kwa watu wazima wengi leo dawa tatu zimo ndani ya kidonge kimoja cha kila siku.

Kuna pia wingi wa virusi, yaani idadi ya nakala za virusi katika mililita moja ya damu. Dawa zikifanya kazi, idadi hiyo hushuka hadi kipimo kinashindwa kuviona. Wengi hufika hapo ndani ya miezi 6 tangu waanze dawa.

Na mshauri rika? Ni mtu anayeishi na VVU, aliyekwisha kujikubali na anayetumia dawa vizuri, ambaye amefundishwa namna ya kumsaidia mwenzake. Baadhi hulipwa, wengine hujitolea. Kuna wanaofanya kazi ndani ya kliniki, kuna wanaoongoza vikundi mitaani, na kuna wanaomfuata mtu mmoja mmoja. Huo ndio usaidizi wa rika ninaouzungumzia hapa.

Kidonge kimoja kwa siku, tatizo liko wapi?

Kumeza kidonge kimoja kwa siku ni jambo jepesi kwa mtu anayelitazama kwa mbali. Ugumu unatokana na tabia ya virusi vyenyewe. VVU vikiingia mwilini, sehemu yake hujificha ndani ya chembe zilizolala, mahali ambapo ARV haziwezi kuvitoa. Ni kama mbegu za magugu zilizolala udongoni wakati wa kiangazi: juu ya ardhi huoni kitu, unaweza hata kuapa kwamba shamba ni safi, lakini mvua ikinyesha zinachipua. Mvua yenyewe ni kuacha dawa. Mtu ambaye kipimo chake hakikuonyesha virusi kwa miaka akiacha ARV, kwa kawaida virusi hurudi kwenye damu ndani ya wiki chache. Na anayemeza leo, akaruka kesho, akameza keshokutwa, huvipa virusi nafasi ya kuzizoea dawa. Huo ndio usugu wa dawa, nao huweza kumlazimu mtu ahamie dawa nyingine.

Kwa hiyo tiba ya VVU si tendo la siku moja. Ni kumeza dawa leo, na siku ya msiba, na siku ya safari, na siku umegombana na mwenzi wako, na siku unajisikia mzima kabisa hata huoni sababu ya kumeza chochote. Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba mwishoni mwa 2024 watu milioni 40.8 duniani walikuwa wakiishi na VVU, na kati yao milioni 31.6 walikuwa kwenye matibabu. Hao zaidi ya milioni 9 waliobaki si wote waliokosa dawa. Wamo wasiojua hali zao, wamo waliopimwa wakatoweka siku hiyohiyo, na wamo walioanza dawa kisha wakaacha.

Waulize walioacha. Mara chache utasikia kwamba hawakuelewa maelezo ya daktari. Utakachosikia zaidi ni habari za siri.

Siri ya VVU ina kazi zake za kila siku, na mtu ambaye hajaibeba hazioni. Kopo la dawa linafichwa wapi katika chumba mnachoishi watu wanne? Vidonge vikigongana ndani ya mkoba, utasema ni nini? Saa yako ya kumeza ikikukuta umekaa na wageni sebuleni, utatoka kwa kisingizio gani, na kesho yake utatoka kwa kisingizio gani kingine? Kuna wanaobandua karatasi ya jina la dawa, wanaohamishia vidonge kwenye chupa ya vitamini, na wanaofuata dawa kliniki ya mbali ili wasionane na jirani. Baadaye nauli inakosekana na dawa zinakatika. Mapenzi mapya yanapoanza, ndipo hesabu inakuwa ngumu kupita zote: nimwambie lini, na akiondoka na siri yangu je? Wengine huona njia rahisi ni kuacha dawa kwa muda, "mpaka mambo yatulie." Mambo hayatulii, na virusi havisubiri.

Daktari hawezi kuyatibu hayo. Si kwa kukosa huruma, ila ana dakika chache na foleni ndefu mlangoni, na mara nyingi hajawahi kuficha kopo la dawa maishani mwake. Mshauri rika amewahi. Anajua mfuko upi haupigi kelele. Anajua namna ya kupanga saa ya dawa ikae mbali na saa za wageni. Na anajua maneno ambayo yeye mwenyewe aliyatumia kumwambia mwenzi wake, pamoja na yale aliyojutia. Zaidi ya ujuzi huo, yuko mbele yako: ana afya, ana kazi, pengine ana watoto wasio na VVU. Mtu aliyepokea majibu asubuhi na kuanza kupanga mazishi yake kichwani anahitaji kumwona mtu wa namna hiyo kabla ya kuhitaji takwimu yoyote.

Halikuanza jana

Wengi hudhani vikundi vya wenye VVU vilibuniwa na mashirika ya misaada. Kwa kweli vilitangulia dawa. Juni 1983, katika mkutano wa afya mjini Denver, Marekani, kikundi kidogo cha watu wenye UKIMWI kilisimama mbele ya wajumbe na kusoma tamko. Walikataa kuitwa wahanga, na walidai kushirikishwa katika kila ngazi ya maamuzi yanayowahusu. Dawa ya kwanza, AZT, iliidhinishwa miaka minne baadaye, 1987.

Mwaka huohuo wa 1987, nchini Uganda, Noerine Kaleeba, aliyekuwa amefiwa na mumewe kwa UKIMWI, alianzisha pamoja na wenzake shirika la TASO. Baadhi ya waanzilishi wenyewe walikuwa na VVU. Hawakuwa na ARV za kumpa mtu. Walichokuwa nacho ni mahali ambapo mgonjwa hakimbiwi. Desemba 1994 nchi 42 zilikutana Paris na kukubaliana rasmi kwamba watu wanaoishi na VVU lazima washirikishwe kikamilifu katika mapambano. Mwaka 2001 mjini Cape Town likaanzishwa shirika la mothers2mothers, linalowaajiri akina mama wenye VVU kuwaongoza wajawazito wenye VVU hadi mtoto azaliwe na aachishwe kunyonya. Hapo kuna mengi ya kupoteza au kuokoa: bila hatua zozote, watoto kati ya 15 na 45 katika kila 100 wanaozaliwa na mama mwenye VVU huambukizwa, na mama akipata huduma kamili idadi hiyo hushuka chini ya 5.

Mfano ninaoupenda kuliko yote umetoka Tete, Msumbiji, mwaka 2008. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka liliona wagonjwa wanaacha dawa kwa sababu kliniki ziko mbali. Wagonjwa wakajipanga vikundi vya watu hadi sita. Kila mwezi mmoja wao anakwenda kliniki, anapimwa afya yake, na anarudi na dawa za wote. Mwezi unaofuata ni zamu ya mwingine. Kwa hiyo kila mtu anasafiri mara mbili tu kwa mwaka, lakini kila mwezi wanakutana, wanahesabu vidonge, wanaulizana hali. Katika tathmini ya mwanzo, baada ya takriban mwaka mmoja, zaidi ya 97 katika kila 100 walikuwa bado kwenye matibabu. Niseme pia kwamba waliojiunga ni watu ambao tayari hali zao zilikuwa zimetengemaa, hivyo matokeo hayo hayatabiri yatakayompata mtu aliyeanza dawa jana. Hata hivyo mpango huo umeigwa katika nchi nyingi.

Kwa vijana, ambao ndio humsumbua zaidi kila mwenye kliniki, ushahidi ulio wazi umetoka Zimbabwe. Mpango uitwao Zvandiri, ulioanza 2004, unawafundisha vijana wenye VVU kuwafuatilia wenzao wadogo. Utafiti uliolinganisha kliniki zenye washauri hao na zile zilizotoa huduma ya kawaida, matokeo yake yakachapishwa 2020, uligundua kwamba waliofuatwa na vijana wenzao walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kushindwa kufubaza virusi au kufariki. Kipimo kilichotumika hapo kilikuwa cha damu, si cha furaha.

Yanayopotoshwa

Kuna mkanganyiko mmoja unaohitaji nafasi yake, kwa sababu ukweli na uongo umekaa karibu sana. Ukweli ni huu: mtu anayemeza ARV na ambaye virusi vyake havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya ngono. Kauli hiyo imeenezwa duniani kwa kampeni tangu 2016. Utafiti wa PARTNER, ambao matokeo yake yalitoka kwa awamu mbili, 2016 na 2019, uliwafuatilia wenza wenye majibu tofauti, mmoja akiwa na VVU na mwingine hana, wa nchi kadhaa za Ulaya walioshiriki ngono bila kondomu zaidi ya mara laki moja kwa jumla. Haikupatikana hata mara moja mtu aliyeambukizwa na mwenzi wake ambaye virusi vyake vilikuwa vimefubazwa. Mwaka 2023 WHO ililisema hilo bila kuzungukazunguka.

Uongo unaopandikizwa juu yake ni kwamba asiyeonekana na virusi amepona. Hajapona. Akiacha dawa, virusi vinarudi, na uwezo wa kuambukiza unarudi navyo. Halafu kauli ile inahusu ngono. Kwa mama anayenyonyesha akiwa kwenye dawa, hatari huwa ndogo sana lakini haijathibitishwa kuwa sifuri, hivyo mama hufuata mpango aliopewa na kliniki na mtoto hupewa dawa ya kinga. Na kauli ile haizuii kaswende wala kisonono.

Mtego mwingine uko kwenye vipimo. Kipimo cha haraka kinachotumika kupima watu hakitafuti virusi, kinatafuta kingamwili, yaani alama ambazo mwili umetengeneza baada ya kuvamiwa. Mtu aliyetumia ARV kwa muda mrefu anaweza mara nyingine kupata jibu hasi akijipima mwenyewe, hasa kwa kile kipimo cha mate, wakati virusi bado anavyo. Ndiyo maana wenye VVU walioko kwenye dawa wanashauriwa wasijipime tena kwa vipimo hivyo. Waponyaji wa uongo wanaijua fika nafasi hii. Wanamwambia mtu aache dawa, akapime, na karatasi yenye jibu hasi inageuka ushuhuda wa muujiza. Katika kikundi kizuri jambo hili huwa limeshajadiliwa mapema, mara nyingi na mtu ambaye lilimfika.

Wengine husema vikundi ni vya waliokata tamaa, au vya maskini wanaosubiri msaada. Siwezi kukataa kwamba vipo vilivyokaa hivyo. Lakini wengi wanaohudhuria wanafanya kazi, wanalea, wanasoma, na wanakuja kwa saa moja kwa sababu ndiyo saa pekee katika mwezi ambayo hawaigizi.

Hofu ya "nikienda wote watajua" ina mashiko zaidi, na sitaipuuza. Kuingia kwenye kikundi hakumlazimu mtu kujitangaza. Kujiweka wazi mbele ya umma ni uamuzi mwingine kabisa. Bado siri huweza kuvuja, na ikivuja huvuja kwa mdomo wa mtu. Kikundi kinachojiheshimu kina kanuni ya siri inayorudiwa kila mkutano, hakipigi picha bila ridhaa, na humwacha mtu akae kimya mpaka atakapotaka kusema. Vile vya simu vina hatari yake: namba yako, jina lako na picha yako vinaonekana na kila mwanakikundi, na ujumbe hupigwa picha ukasambaa.

Mipaka yake

Nisingependa mtu amalize kusoma akidhani mshauri rika ni daktari wa gharama nafuu. Habadilishi dawa, haongezi dozi, hasemi upele huu ni wa dawa au wa ugonjwa. Anachoweza ni kukwambia, "Hili lipeleke kliniki leo, usisubiri tarehe yako." Ajue pia pale huzuni inapovuka kiasi, mtu anapoacha kula au kuanza kuongelea kufa, kwamba hapo anahitajika mtaalamu wa afya ya akili.

Kikundi chenyewe kinaweza kuharibika. Ukiona kiongozi anauza dawa za mitishamba na kuziita mbadala wa ARV, ondoka. Ukiona michango isiyo na maelezo, au mtu anayewataka wengine kimapenzi kwa kutumia siri zao, ondoka, na uitaarifu kliniki inayokifahamu. Na vikundi vya mchanganyiko havimfai kila mtu. Kijana wa miaka 16 aliyezaliwa na VVU hana mengi ya kuzungumza na mzee aliyeambukizwa akiwa na miaka 50. Wanaume wengi hawaji kabisa, kwa sababu mikutano hupangwa saa za kazi na mazungumzo huelekezwa kwenye uzazi. Kuwalaumu kwamba ni wagumu ni rahisi kuliko kubadilisha saa.

Halafu kuna mzigo wa mshauri mwenyewe, jambo ambalo husahaulika. Anasikia mikasa ya watu kumi huku akibeba wa kwake. Anapigiwa simu usiku. Mwenzake akifa, yeye ndiye anayeulizwa aliacha dawa lini. Kumtaka afanye hayo yote kwa posho ya nauli, mwaka baada ya mwaka, kisha kushangaa anapochoka, ni dhuluma iliyovikwa jina la kujitolea. Ukirudi kwenye swali la wale waliouliza kama hii ni kazi ya kulipiwa, mimi nasema ndiyo, na inahitaji msimamizi na siku za kupumzika kama kazi nyingine za afya.

Anayetafuta pa kuanzia aanzie pale anapochukulia dawa. Amwambie muuguzi anataka kuonana na mtu anayeishi na VVU, wa jinsia yake na umri wake ikiwezekana. Haina haja ya kutaja kikundi. Mmoja anatosha kwa kuanzia, na kwa wengi huyo mmoja ndiye anayewapeleka kwa wengine baadaye. Mara ya kwanza aulize maswali madogo: unameza saa ngapi, unaziweka wapi, wiki za kwanza ulijisikiaje. Kwa mzazi mwenye mtoto mwenye VVU ambaye bado hajui hali yake, WHO inashauri mtoto aanze kuelezwa hatua kwa hatua anapofikia umri wa kwenda shule, na wazazi waliokwisha kupita hapo wanajua maneno ambayo mtoto wa miaka saba anayaelewa. Ndugu anayetaka kumsaidia mwenye VVU anaweza kumpa nauli au kubaki na watoto wake siku ya mkutano. Asimsindikize mpaka ndani isipokuwa ameombwa, na akirudi asimhoji nani na nani walikuwepo.